Kitum na kalenda ya popo

Kundi la wazazi kwenye WhatsApp lina kazi tatu: kudai pesa, kupongeza na kutisha. Mwezi jana shule moja ya hapa Kisumu, anakosoma binti yangu, ilitangaza safari ya Agosti kwenda Mlima Elgon kupitia Kitale na Endebess, watoto wakaone pango la Kitum ambamo ndovu huchimba chumvi. Haikupita saa moja mzazi akatuma video yenye muziki wa msiba na sauti nzito: pango hatari kuliko yote duniani. Mwingine akauliza habari za bima. Wa tatu akasema serikali ingeliziba kwa saruji, yaishe. Katikati ya kelele hizo mama mmoja Msabaot, wa kabila la wenyeji wa mlima huo, mtulivu ambaye kwa kawaida huandika "Amina" tu, akaandika: "Nyanya ya mamangu alizaliwa kwenye pango la mlima huo." Hakuna aliyemjibu. Mjadala ukarudi kwenye saruji.

Sentensi ile imenikaa rohoni. Nadhani ndiyo iliyokuwa na uzito kuliko zote siku ile, na ndiyo iliyopita bila kusomwa.

Lakini tuanze na wenye saruji, maana hoja yao si ya kupuuza. Mwanzoni mwa mwaka 1980 Mfaransa mmoja aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya alifia Nairobi kwa Marburg, ndugu wa Ebola, majuma kama mawili baada ya kuzuru Kitum. Daktari aliyejaribu kumwokoa akaambukizwa, akaugua vibaya, akapona. Mwaka 1987 kijana wa Denmark wa miaka 15 naye aliingia Kitum, akaugua siku tisa baadaye, akafa. Mwaka 1988 wanasayansi wa jeshi la Marekani wakishirikiana na Wakenya waliingia pangoni wamevaa mavazi ya kujikinga mwili mzima, wakapima wadudu na wanyama, wakaacha wanyama wengine humo kama chambo cha virusi. Walitoka mikono mitupu. Kwa miaka mingi watetezi wa pango waliitumia safari hiyo kama cheti cha usafi.

Cheti hicho kimekwisha muda wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha alama za kijeni za virusi vya Marburg kwa popo wa matunda aliyenaswa Kitum kwenyewe. Kisha mwaka 2017, upande wa pili wa mlima huu huu, wilayani Kween nchini Uganda, watu watatu wa familia moja waliugua na wote wakafa. Wa kwanza alikuwa mwindaji aliyeishi karibu na pango lenye popo wengi. Ufuatiliaji wa waliokutana na wagonjwa hao ulivuka mpaka hadi kwetu. Kwa hiyo anayesema virusi haviko Elgon anajidanganya, hata kama ana duka la chai langoni na watoto wa kusomesha.

Na kuna hoja yao moja inayonikosesha usingizi kuliko hizo zote. Marburg haimalizani na mtalii aliyejitakia. Rwanda mwaka 2024 walithibitisha wagonjwa 66, wakafa 15, na chanzo kilifuatiliwa hadi kwa mtu aliyekuwa akifanya kazi mgodini penye popo wa matunda. Wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Kagera, ng'ambo ya ziwa letu hili, mwaka 2023 walikuwa wagonjwa tisa, wakafa sita. Hakuna chanjo wala dawa iliyoidhinishwa. Anayeingia pangoni anajichagulia hatari, ila nesi wa zamu ya usiku Kitale hakuchagua kitu. Yule daktari wa 1980 hakuwahi kuingia Kitum.

Hapo ndipo hoja ya saruji huwa inaishia, na wasikilizaji hutikisa vichwa. Mimi nina maswali, na la kwanza ni la hesabu.

Video zote za kutisha zina namba moja tu: wawili. Watu wawili wanaoaminika kuambukizwa Kitum, kwa muda wa miaka saba. Namba hiyo hurudiwa kana kwamba inajitosheleza, ilhali ni namba ya juu ya sehemu isiyo na namba ya chini. Wawili kati ya wangapi? Wachungaji wa mlimani wameingia mapango hayo na mifugo yao tangu enzi na enzi. Mabasi ya shule yamefika pale mwaka baada ya mwaka. Mwingereza Ian Redmond, mtafiti wa ndovu, alianza kukesha Kitum mwaka ule ule wa 1980 aliokufa Mfaransa, akazoea kulala humo akisikiliza pembe zikigonga ukuta, na akaishi kusimulia. Askari wa wanyamapori na waongozaji wa watalii wameingia mara zisizohesabika. Hakuna aliyeweka daftari la wote hao, na ndiyo maana "wawili" inabaki peke yake, kubwa na ya kutisha.

Sasa naomba niikosoe hoja yangu mwenyewe kabla mtu hajanikosoa. Wazee wa mlimani hupenda kusema: babu zetu waliishi mle na hawakufa. Hiyo si hoja ya kutegemewa. Enzi hizo homa iliyoua watu wawili boma moja ingeitwa uchawi, na hakuna ambaye angeiandika. Pia nadhani kuna jambo ambalo pande zote mbili hulisahau. Pango wanalokaa watu ni pango la moshi. Meko yanawaka mchana na usiku, ng'ombe wanapumua, watoto wanapiga kelele. Popo wa matunda hapendi makazi ya namna hiyo. Huenda mapango ya mababu hayakuwa mapango ya popo hata kidogo, na huenda popo walijaa vizuri baada ya watu kuhama. Kwa hiyo ushahidi wa mababu hautuambii kwamba Kitum ya leo ni salama. Unatuambia jambo jingine: kwamba palikuwa nyumbani.

Na hapo nataka kukaa kidogo.

Msomaji aliyeona Shimoni kule Kwale au Amboni kule Tanga anajua pango la chokaa lilivyo: maji yenye asidi hafifu hula jiwe polepole, yanachora vyumba na nguzo. Elgon si hivyo. Ni volkano iliyozimika, yenye umri wa takriban miaka milioni 24, na kilele chake cha mita 4,321 kiko Uganda. Mapango yake yamo ndani ya tabaka la majivu ya volkano yaliyogandamana kuwa jiwe laini lenye chumvi nyingi. Ukutani bado utaona magogo ya miti iliyofukiwa na majivu hayo ikageuka mawe. Kitum liko kwenye kimo cha karibu mita 2,400 na linaingia mlimani kiasi cha mita 200. Nani aliyelichimba ni swali lililowatoa watu jasho. Mskoti Joseph Thomson alifika kusini mwa mlima mwaka 1883, akakuta watu wakiishi mapangoni pamoja na vijumba vyao na ng'ombe wao. Akawauliza nani aliyafanya haya. Wakamjibu ni Mungu. Hakuridhika. Akaanza kuwaza taifa kubwa la kale, pengine Wamisri, waliokuja kutafuta madini. Wamisri Endebess! Wenye nyumba wamesimama mbele yake, naye anatafuta mwenye nyumba huko mtoni Nile.

Wanajiolojia wa siku hizi wanaelekea kukubaliana kwamba pango lilianza kama mwanya mdogo, maji yakilegeza jiwe nyuma ya maporomoko, kisha wachimbaji wakaingia. Wachimbaji ni ndovu. Mvua nyingi ya mlimani huosha chumvi kutoka udongoni, majani yanabaki chapwa, na mnyama wa tani kadhaa anayeishi kwa majani lazima apate chumvi mahali. Basi usiku wanapanga mstari, mama mbele, wanaingia gizani wakipapasa sakafu kwa mkonga, wanang'oa vipande vya ukuta kwa pembe, wanasaga kwa magego na kumeza. Mistari ya pembe ipo ukutani hadi leo, mingine juu kuliko unavyoweza kufika kwa mkono. Nyati na pongo huja kulamba mabaki. Na binadamu naye alichimba kwa ajili ya ng'ombe wake, kazi ambayo leo tunaifanya agroveti kwa kununua chumvi ya mawe. Maji, mnyama na mtu, wote wamelichonga pango moja. Sijui jengo lingine magharibi mwa Kenya lenye mafundi wa namna hiyo.

Waliokuwa wakiishi humo hawakuwa "watu wa mapangoni" kwa maana ile ya katuni. Walikuwa wafugaji wenye akili ya usalama. Pango lina mdomo mmoja. Ukiuziba kwa magogo, wavamizi wanaotaka ng'ombe watalala nje na baridi ya kimo kile. Jina Elgon lenyewe limetokana na Wakony, mojawapo ya makundi ya Wasabaot. Wabukusu na Wagisu wao wana jina lao, Masaba. Kitum nalo hufasiriwa kuwa mahali pa sherehe. Ndiyo kusema, kabla pango halijapewa sifa ya ugonjwa lilikuwa na sifa ya ngoma. Hifadhi ya taifa ilipotangazwa mwaka 1968, Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha yakaingia ndani ya mpaka wake, na watu ambao mlima una jina lao wakawa wanalipia tiketi langoni kama mimi na wewe. Majangili wa miaka ya 1980 wakawapunguza ndovu mno. Kilichobaki kusimuliwa kuhusu Kitum kikawa ni wale wageni wawili.

Kwa hiyo mwongozaji wa watalii anaposema "pango lisifungwe", tusimsikie kama mchuuzi anayeuza kifo kwa shilingi mia chache. Nilipokwenda mara ya kwanza, miaka kadhaa iliyopita, mzee aliyetuongoza alitukataza kugusa ukuta, akatukataza kupita chumba cha kwanza, na mmoja wetu alipowasha tochi kuelekea darini alimkemea kama mwanawe. "Hao wamelala. Wewe ukiwa umelala unamulikwa?" Harufu ya kinyesi cha popo ilikuwa nzito kama ya banda la kuku lililofungiwa. Hakuna aliyetaka kupita zaidi. Mzee yule alijua mambo ambayo mwenye video hajui.

Lakini kuna jambo ambalo hata mzee huyo hakulijua, na tangu nilipokutana nalo naliona kila mahali. Watafiti waliowapima popo wa matunda kwa muda mrefu katika Pango la Chatu, kusini magharibi mwa Uganda, waligundua kwamba virusi havikai pangoni kwa kiwango kile kile mwaka mzima. Vinapanda na kushuka. Popo hawa huzaa mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari na karibu na Agosti. Kitoto hulindwa kwanza na kinga ya mama. Kinga hiyo inapokwisha, kikiwa na umri wa kama miezi sita, ndipo wengi wao huambukizwa kwa mara ya kwanza. Popo wakubwa wameshakamata dari. Hawa vijana husukumwa sehemu mbaya, chini, karibu na sakafu, yaani karibu na uso wa binadamu anayepita. Matokeo ni misimu miwili ya hatari: katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba, na katikati ya Desemba hadi katikati ya Machi. Watafiti walipolinganisha na matukio ya binadamu kuambukizwa kutoka kwa popo yaliyojulikana hadi wakati huo, asilimia 83 yaliangukia ndani ya misimu hiyo.

Sasa rudi Kitum. Mfaransa alizuru wakati wa mwaka mpya. Kijana wa Denmark, Agosti. Mwindaji wa Kween, Septemba. Najua, matukio matatu hayatoshi kujenga kanuni, na Pango la Chatu si Kitum. Popo wa mlimani wanaweza kuwa na kalenda yao, na kabla ya kupanga lolote lazima mtu aipime hapa hapa. Lakini angalia kalenda nyingine, ile iliyobandikwa kwenye friji. Likizo ya Agosti. Likizo ya Desemba. Msimu wa watalii wa Julai hadi Septemba, na ule wa Krismasi. Sisi tunafunga shule, tunapakia watoto kwenye basi na kuwapeleka pangoni katika majuma yale yale ambayo popo wachanga wanaugua. Kama mtu angetaka kupanga mkutano kati ya mtoto wa binadamu na mtoto wa popo, asingepata ratiba bora kuliko ya kwetu.

Ndiyo maana mjadala wa "lifungwe au lisifungwe" unaniudhi. Unauliza swali la mlango ilhali tatizo ni la saa. Mwenye saruji anataka pango lizibwe Aprili, wakati hatari huenda ni ndogo. Mwenye kulitetea anataka liwe wazi Agosti, wakati hatari huenda iko juu. Wote wawili wanalichukulia pango kama kitu kisichobadilika, na kosa la mwenye saruji ni kubwa zaidi kwa sababu la kwake halirekebishiki. Ndovu akikuta ukuta wa saruji pale alipofundishwa na mama yake kulamba, hatakwenda agroveti.

Na suala la kuwaua popo, ambalo huletwa na mtu mmoja katika kila mazungumzo ya namna hii, Uganda walishalijaribu bila kukusudia kutufundisha. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka waliugua Marburg. Popo walipopimwa, takriban asilimia 5 walikuwa na virusi. Wachimbaji wakawafukiza na kuwaangamiza. Popo waliporudi, wachache, mwaka 2012, walipimwa tena: asilimia 13. Mwaka huo huo mlipuko mkubwa zaidi ukaibuka eneo lile. Ukifagia kundi lenye kinga unawapa nafasi wageni wasio na kinga, na ugonjwa unapata uwanja mpya.

Kuna gharama ambayo sitaki kuificha. Ukifunga vyumba vya ndani kwa misimu hiyo miwili, umechukua miezi ambayo watu wa Endebess hupata riziki. Nilipompigia simu mmoja wa waongozaji na kumweleza habari za popo wachanga, alinyamaza kidogo kisha akasema: "Sasa wewe ndugu yangu, hiyo miezi umetaja ndiyo miezi tunakula." Aprili na Mei mvua ya masika huigeuza barabara kuwa matope, na basi la shule halipandi. Oktoba inafaa kwa hali ya hewa, lakini mzazi gani anaruhusu safari mitihani ikiwa mlangoni? Sina jibu tamu. Ninachoona ni kwamba mgeni wa Agosti bado anaweza kupelekwa Makingeny asimame nje tu, maji yakimwagika mbele ya mdomo wa pango, akasimuliwa habari za ndovu, za Wakony na za ng'ombe waliolala ndani, akalipa vile vile. Hadithi haimhitaji asogelee popo. Na askari na waongozaji, ambao ndio wanaoingia kila juma, wapewe glavu na barakoa za maana, si za kupigia picha, pamoja na namba ya kupiga wakipata homa. Hao ndio namba yetu ya chini. Tukiwafuatilia kwa miaka kumi tu tutajua kuhusu Kitum kuliko tulivyojua tangu 1980.

Kuhusu kundi la wazazi: niliandika haya kwa ufupi, kwa herufi kubwa mahali pa Desemba na Agosti. Mwenye video akasema mimi ni wakala wa utalii. Mwenye bima akauliza kama bima inafanya kazi Oktoba. Mwalimu mkuu akaiahirisha safari. Yule mama Msabaot akaniandikia pembeni, si kundini: "Baba Achieng, mkienda Oktoba nitakuja na mamangu. Hajawahi kuliona. Watoto wabebe makoti, kule huwa kunanyesha ghafla."